Pampu ya Chokaani

Chokaani, Unguja
14 Februari 1998

Mdogo wangu Ahmada,

Salamu za kila mtu nimezifunga fungu moja, maana ukurasa ni mmoja. Wote wazima isipokuwa mama, na yeye si mgonjwa wa kulala. Ni ile presha. Daktari wa mjini amemkataza chumvi kabisa, hata ya kuonjea. Anakula mchuzi wangu kama mtu anayetafuna karatasi, lakini anatii.

Ninakuandikia kwa sababu ya maji. Tangu uondoke hakuna kilichobadilika: tunashuka pangoni wakati bahari imejaa, kwa kuwa bahari ikijaa maji ya pango nayo hupanda na kutukaribia. Tunachota kwa kata ya kifuu, juu juu, tunamimina kwenye ndoo, tunapanda. Mama hataki maji mengine. Shingo yangu inalijua kila jiwe la ngazi zile.

Sasa kamati ya kijiji imekaa, na mwenyekiti ni Mjomba Msabaha. Wanataka pampu. Vijana walitaka itiwe pangoni moja kwa moja. Wazee wakakataa: pango halitiwi kamba, halitiwi chuma, halichotwi kwa kina, ndivyo tulivyolikuta. Kijana mmoja akacheka. Mjomba akamwambia, "Wewe ulioshwa kwa maji yale siku uliyozaliwa. Cheka ukimaliza kuyalipa." Basi wakakubaliana kwamba shimo lichimbwe shambani kwa Mjomba, ng'ambo ya njia, na pango liachwe kama lilivyo. Hilo limenifurahisha kuliko pampu yenyewe. Lolote likitokea, pango tunalo.

Mafundi wa kuchimba wamekuja na kuondoka. Mvua za Elinino zimelijaza jiwe lote, wakapata maji matamu mapema. Wakaendelea kwenda chini, wakasema shimo refu halikauki.

Pampu mjini ni ghali. Kamati inakuomba uinunue huko. Yasir wa Mjomba anakuja China mwezi ujao, atakuwa na fedha na vipimo.

Dada yako,
Bimkubwa


Guangzhou
20 Aprili 1998

Dada Bimkubwa,

Barua na Yasir vimefika pamoja, vyote vimekunjamana. Tunalala chumba kimoja hapa Xiaobei, ghorofa ya saba, na lifti inafanya kazi inapotaka. Binamu yetu alifika na begi zima la biskuti, akiamini hakuna halali nchi nzima. Nikampeleka kwenye mgahawa wa Waislamu wa huku, wanaovuta tambi kwa mikono mbele yako. Sasa anakula mara mbili kwa siku, na biskuti ananiuzia mimi.

Pampu imenunuliwa. Mtaa wa mashine tulikwenda wote wawili. Mwenye duka, laoban kama tunavyowaita mabosi wa huku, hajui Kiingereza, kwa hiyo tulizungumza kwa kuchora. Akachora shimo, akaniuliza chini kuna nini. Nikachora mawe. Akachora mawimbi, akaninyooshea kalamu: bahari je? Nikachora bahari karibu na shimo, na nyumba yetu katikati. Akaiangalia karatasi, akaenda ndani, akatoa pampu nyembamba kama mkono wa mtoto.

Yasir akasema, "Hii ya kumwagilia maua."

Nikamwambia laoban, "Bu yao," sitaki. Akairudisha mbele yangu. Nikakataa tena. Akatikisa kichwa, akatoa kubwa. Nimechukua kubwa kuliko hata mliyoomba, tofauti nimeilipa mwenyewe. Chokaani haitashuka tena pangoni kwa sababu Ahmada alibana mkono.

Nimeifunga katikati ya marobota ya suruali za jinzi nilizonunua Shahe. Kwa sasa iko kwenye ghala langu, kaskazini ya uwanja wa ndege wa Baiyun, mahali pa bei nafuu karibu na vilima vya mawe meupe. Mwenye nyumba ni mama mzee anayeitwa Liang. Uani ana kisima cha mdomo mdogo. Maji ya mfereji anafulia; chai anapika ya kisima tu. Akinimiminia anasimama mpaka ninywe na kuitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri. Ungemwona ungedhani ni mama.

Mwambie mama avumilie miezi miwili. Meli haina haraka.

Mdogo wako,
Ahmada


Chokaani
9 Agosti 1998

Ahmada wangu,

Tumepata maji! Niseme tena, maana mwenyewe siamini: tumepata maji, na yanatoka ukutani.

Siku ya kufungua Mjomba alivaa kanzu ya Idi. Jenereta likanguruma, mfereji ukakohoa, ukatoa upepo, kisha vumbi jeupe kama unga wa chokaa, kisha maji. Vigelegele vilisikika mpaka skuli. Mfereji wa njiapanda wameuita "kwa Ahmada." Wanawake wanaambiana, "Nipitie kwa Ahmada," na wageni wanadhani una duka.

Hoteli mpya ya ufukweni imetandaza bomba lake mpaka kwenye tangi letu. Wao wanatoa dizeli, sisi tunatoa maji. Kwa hiyo pampu haizimwi. Inanguruma ukilala, inanguruma ukiamka. Mjomba anasema huo ndio muziki wa maendeleo. Wageni wa hoteli wana bwawa la kuogelea, hatua chache kutoka baharini. Usiniulize kwa nini.

Mama jana ameoga mara tatu. Nikamwambia, "Mama, utayeyuka." Akanijibu, "Niache. Maisha yangu yote nimeogea kopo." Mjomba anapita kila asubuhi kumjazia mtungi mwenyewe, hataki nimsaidie. Anamwambia, "Dada, kunywa. Haya ni ya shambani kwangu."

Mimi sijashuka pangoni tangu siku ile. Shingo imepona. Bi Kombo wa jirani anasema nimerefuka, na kwamba kama ni hivyo basi mdogo wangu naye atafutiwe mke kabla hajarefushwa na Wachina.

Kuna kitu kidogo. Mama anasema chai ya siku hizi haitulii mdomoni. Nimemwambia ni majani mabaya. Ukipata majani mazuri ya huko, tuma.

Bimkubwa


Guangzhou
3 Oktoba 1998

Dada,

Soma barua hii ukiwa peke yako, kisha umpelekee Mjomba Msabaha. Mama usimsomee.

Jumanne iliyopita ua wa Mama Liang ulizama. Nitakueleza kama ilivyotokea. Mwezi wa Juni kiwanda cha kutia rangi vitambaa, kilichoko upande wa pili wa barabara, kilichimba visima na kuanza kupampu bila kupumzika. Mwezi wa Agosti kisima cha Mama Liang kilianza kutoa tope. Septemba kikakauka. Yeye hana ugomvi na kiwanda. Kisima chake na vyao haviko hata uwanja mmoja. Alidhani ni bahati yake tu. Jumanne, watu wakiwa wamekula cha mchana, ardhi ya uani ikashuka. Haikutikisika. Ilishuka kama kitambaa kinavyoshuka mtu akitoa mkono chini yake. Kisima, mti wa matunda, na kona ya ghala langu vikaingia. Hakuna aliyekufa. Marobota yangu machache yako chini, siyahesabu. Mama Liang alisimama ukingoni akiwa ameshika birika.

Nilimwita Aloyce, Mtanzania mwenzetu kutoka Moshi, anasoma uhandisi wa majengo hapa na Kichina anakijua. Alizungumza na mafundi waliokuja kupima. Akanieleza hivi. Chini ya eneo lote lile ni jiwe moja la chokaa. Jiwe hilo halina mto ndani yake, wala ziwa. Lenyewe ndilo chombo. Limejaa vitundu na nyufa kama sponji, na maji yamekaa humo. Kisima hiki na kile, hata vikitenganishwa na barabara, vinanyonya sponji moja. Maji ndiyo yaliyokuwa yanaishikilia ardhi. Yakanyonywa, ardhi ikashuka.

Kisha akaniuliza, "Kwenu mawe gani?"

"Matumbawe. Ndiyo tunayochoma kupata chokaa."

"Na bahari iko mbali?"

"Ukisimama mlangoni unaiona."

Akasema: "Kwenu si kuzama ninakokuogopea. Ndani ya jiwe lenu bahari imeshaingia zamani, imekaa chini. Maji ya mvua ni mepesi, yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kidogo, juu juu, mvua inarudishia. Ukinyonya kwa nguvu na kutoka chini, matamu yakishuka kidogo tu, ya chumvi yanapanda mara nyingi zaidi ya hapo. Na yakishaingia kwenye vitundu, hayatoki kwa kuzima mashine. Mnasubiri mvua, na si mvua ya mwaka mmoja."

Nikamwambia pango letu hatukuligusa, shimo liko ng'ambo ya njia. Akaninyooshea kidole barabara ya kiwanda.

Dada, shimo la Mjomba na pango ni maji yale yale. Hatukuliacha pango. Tumelinyonya kwa upande wa nyuma. Na laoban yule, kwa kuchora tu, alijua. Mimi ndiye niliyetaka kubwa.

Nimepiga simu mara mbili dukani kwa Hafidh pale Darajani. Amesema ujumbe ameufikisha kwa dereva wa gari la Chokaani. Sijui dereva ameufikisha kwa nani. Fanya haya: nenda pangoni, onja. Mwambie Mjomba pampu izimwe, au angalau iendeshwe saa chache kwa siku na bomba la hoteli lifungwe. Na maji ya mama yatoke mahali pengine mpaka tujue.

Ahmada


Chokaani
28 Desemba 1998

Mdogo wangu,

Ramadhani njema. Barua yako ilichelewa. Aliyeibeba alikaa Dubai wiki tatu akinunua redio. Ujumbe wa Hafidh ulifika kabla yake, lakini ulifika hivi: "Ahmada anasema ghala limezama, zimeni pampu." Watu wakakupa pole ya ghala. Cha pampu wakaona ni uchungu wa hasara unakusemesha.

Nilishuka pangoni siku ile ile niliyoisoma. Ngazi zimeota majani. Maji yako chini ya mahali nilipokuwa nikisimama, bahari ikiwa imejaa. Nilichota kwa kata. Si chumvi ya bahari, Ahmada. Ni kama machozi yaliyopoa. Mtu asiyeyajua yale ya zamani angekunywa asiseme kitu.

Nikaenda kwenye kikao na barua yako, nikaomba kuisoma. Mjomba akaniruhusu, kwa heshima. Nimeisoma yote. Nilipofika kwenye mafuta na mchuzi wakaanza kutazamana.

Mmoja akauliza, "Ahmada yuko China. Maji ya huku ameyaonja kwa simu?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Pampu kaileta yeye, sifa kachukua. Sasa anaona hoteli inatunufaisha, roho inamuuma."

Nikasema, "Mimi nimeyaonja. Nendeni pangoni mwonje."

"Tumefunga, Bimkubwa. Tutaonjaje mchana wa Ramadhani?"

Nikamwambia, "Basi baada ya futari, njoo nikushushe mwenyewe."

Hakuja mtu. Mjomba alinifuata mpaka mlangoni baadaye. Hakucheka yeye. Alisema, "Mwanangu, maji kuingia ladha kidogo ni kawaida ya kaskazi, jua kali. Fundi wa hoteli kasema shimo halijafika kwenye maji yenyewe. Tukishuka chini zaidi na mashine kubwa zaidi tutayapita haya tukute matamu." Nikamwambia Ahmada anasema kinyume. Akasema, "Ahmada anasema la msomi wake. Fundi anasema la kazi yake. Mimi nimshike nani?" Kisha akaingia kumjazia mama mtungi, kama kila siku. Nilitaka kumshika mkono. Ni mjomba wangu, na ni ndugu yake mama. Sikumshika.

Huu sasa ni msimu wa wageni, pampu haipumui.

La mama sikukuambia. Mwezi wa Oktoba alianguka uani. Tulikaa hospitali siku mbili; Mjomba tulimwambia ni kutembea mjini, mama hakutaka ajue. Presha imepanda kuliko ilivyowahi. Daktari akaniuliza, "Mnampa chumvi?" Nikaapa hatumpi. Akanitazama kama wanavyowatazama mabinti waongo. Nilikuwa sijapata barua yako bado. Sasa ninajua nilichokuwa nampa.

Maji ya chupa nilinunua mjini, mama akayakataa, anasema yananuka plastiki. Nimemwambia tuhamie kwa Nahla mjini, binti yake mwenyewe. Amesema mjini wanazika mtu hata salamu hajamaliza kupokea. Kumwambia kwamba maji ya kaka yake ndiyo yanayomwangusha, nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili nilimkuta amefurahi kwa sababu Mjomba ametoka kumtembelea.

Pangoni nateka juu kabisa, kwa kata, kwa ajili yake yeye tu. Ni nafuu kidogo kuliko ya mfereji.

Bimkubwa


Guangzhou
19 Februari 1999

Dada Bimkubwa,

Ninaandika haraka, Yasir anafunga mizigo.

Kamati imeagiza pampu ya pili. Barua ya Mjomba ilikuja kwangu kwanza, na adabu zote. Nimemjibu kwamba sinunui, nikaeleza sababu upya, nikaambatisha mchoro wa Aloyce. Jibu hajalipata bado. Yeye hakusubiri, alimpigia simu Yasir, ambaye bado yuko nami hapa. Hoteli imelipa usafiri wa ndege, kwa kuwa msimu haujaisha na bwawa lao limeanza kufanya ukoko mweupe pembeni.

Nilimchukua Yasir mpaka Baiyun, nikamsimamisha kwenye shimo la Mama Liang. Limezungushiwa kamba. Alitazama kwa muda, akatia jiwe, akasikiliza.

"Pole yake," akasema. "Lakini hii China, binamu. Kwetu jiwe ni gumu. Nimejikwaa nalo utoto wangu wote."

"Yasir, hicho unachobeba ni chumvi."

"Nabeba agizo la baba. Wewe ulinunua ya kwanza wakakupigia vigelegele. Ya pili nikinunua mimi imekuwa chumvi?"

Nilimwambia habari za shangazi yake kuanguka. Alikaa chini ukingoni pale. Aliniuliza kama nina hakika ni maji. Nikamwambia daktari hajasema ni maji, dada ndiye anayesema, na mimi, na Aloyce. Akauliza, "Nimwambie baba kwamba anamuua dada yake, na mashahidi wangu ni watu watatu, wawili hawajaonja?" Kisha akaenda dukani akanunua.

Nilimfuata mpaka ndani. Laoban ni yule yule. Alinikumbuka, akatoa karatasi aanze kuchora. Yasir akamwonyesha kubwa kabisa kwa kidole. Laoban akanitazama mimi. Nikamwambia, "Bu yao." Yasir akatoa fedha. Laoban akatazama fedha, akanitazama mimi tena, akaanza kufunga boksi. Sikumlaumu. Mnunuzi alikuwa Yasir.

Mabati ya paa la jikoni pamoja na tangi la kukingia maji ya mvua nimeyaweka kwenye kontena la marobota. Wakala anasema yatafika mwisho wa Mei. Masika yatakuwa yamekwisha. Kama kuna mtu mwenye bati karibu yako, mwombe, mvua ya kwanza ikimaliza kuosha paa, kinga maji ya pili. Mama anywe hayo.

Niliomba nafasi kwenye ndege hii nikaambiwa imejaa, na hati yangu ya ukaazi iko ofisini kwa watu wa uhamiaji. Bila hiyo sitoki. Nimekwenda mara nne. Wananiambia wiki ijayo.

Yasir si mtu mbaya. Ameniambia mwenyewe, "Andika barua, nitampa dada mkononi kabla ya lolote." Kwa hiyo barua hii iko kwenye mfuko wa shati lake, na pampu iko kwenye tumbo la ndege hiyo hiyo. Zitafika Chokaani wakati mmoja, kwa mkono wa mtu mmoja. Ukiisoma, simama kwenye mdomo wa shimo. Mwite Mjomba pembeni umwambie habari ya mama yote, ya daktari na ya kuanguka. Akikataa, mwambie tena mbele ya mtungi.

Ahmada


Chokaani
11 Aprili 1999

Mdogo wangu Ahmada,

Yasir alitimiza. Alinipa barua yako mkononi kabla hajamsalimia hata mkewe. Niliisoma nimesimama njiani, nikaenda shambani mbio, ushungi mkononi. Nilimkuta Mjomba amekaa juu ya boksi la pampu. Nikamwita pembeni, nikamwambia yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia mapema?"

Nikasema, "Nilikuambia maji."

"Uliniambia maji. Hukuniambia dada yangu."

Akarudi kwa mafundi. Nilimwona akizungumza nao, akitikisa mikono. Mwenye hoteli alikuwepo, na wajumbe wa kamati, na pilau lilikuwa jikoni. Walizungumza mpaka adhuhuri. Mjomba alikuwa mmoja, wao walikuwa wote. Wakapiga kura, ndio mtindo wa kamati siku hizi. Pampu ikashushwa alasiri. Yeye ndiye aliyesoma dua, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti.

Maji yalitoka kwa nguvu ambayo hatujapata kuiona. Yakapita kikombe kwa kikombe. Kila mtu alikunywa akasema mazuri. Mimi pia nilikunywa nikasema mazuri, Ahmada, maana Yasir alikuwa amesimama mbele yangu na shati lake la safari. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kweli.

Ilichukua majuma matatu. Sabuni ikaacha kutoa povu. Mihogo ya bustanini ikakauka ncha. Hoteli imefunga bomba lake, sasa inaletewa maji kwa gari kutoka mjini. Dizeli wameacha kutoa, na pampu zote mbili zimenyamaza. Nilidhani nitafurahi kusikia ukimya. Nilishuka pangoni. Sasa ni chumvi, si ya kudhani tena. Wanawake wamerudi ngazini na ndoo zao, wanachota hayo hayo kwa sababu hakuna mengine. Mjomba naye anashuka kila alfajiri na kata. Anaonja, anatema, anawaambia walio nyuma yake, "Leo ni nafuu." Hakuna anayembishia.

Mvua zimekuja haba. Nilikinga chini ya bati la Bi Kombo, nikapata madumu mawili, nayo yamekwisha. Nahla alikuja na gari amchukue mama. Mama alimpikia Nahla chakula, akampa kuku, akamrudisha mjini peke yake.

Asubuhi nampikia uji. Sitii chochote, unga na maji tu. Leo alionja akaweka kijiko chini.

"Bimkubwa, daktari alisemaje?"

"Alisema usile chumvi, mama."

"Na wewe unanitilia. Umenichoka?"

Mjomba alikuwa mlangoni na mtungi wake. Alisimama pale pale.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Mkono umeteleza."

Akanisamehe. Akaumaliza uji wote, ili nisione vibaya.

Bimkubwa